Kopo la Halwa la Muskati

Mie sipendi uongo, lakini uongo wa Zuwena nilimsaidia kuubeba miaka minne mizima, na asiniulize mtu kwa nini. Alikuwa shoga yangu. Basi.

Zuwena alikuwa fundi cherehani. Alikaa Kilburn, ghorofa ya tatu, fleti ya kupanga, na cherehani yake kaiweka dirishani kwa sababu taa ya sebuleni ilikuwa hafifu na mwenye nyumba hasikii la mtu. Yeye na mumewe Himid walitoka Unguja baada ya Mapinduzi, wakapitia Mombasa, wakaishia huku kwa Waingereza. Himid huyo Zuwena kamtaka mwenyewe. Kaka zake watatu walimkataa, wakasema, "Yule hatulii, atakuja kukuacha." Zuwena akashindana na ukoo mzima mpaka akaolewa naye. Mwaka wa themanini na mbili Himid akafanya vile vile walivyosema. Akatoa talaka, akahamia Hayes kwa mke mwingine, akapata kazi ya ghala.

Mie ningelia, ningemtukana, yakaisha. Zuwena hakutoa hata chozi. Asubuhi yake kamwambia jirani kwamba Baba Salha, ndiye Himid huyo, amepata kazi Muskati, mshahara mnono, nyumba bure. Hakuweza kuwapa kaka zake raha ile.

Sasa mtu aliyeko Muskati lazima alete kitu. Zuwena alikuwa na kopo la halwa aliloletewa na mgeni kutoka huko zamani, kopo zuri la maua, kifuniko kimebonyea upande mmoja. Kila baada ya miezi mitatu tunakwenda naye dukani kwa Alnashir, Mhindi wa Unguja anayesema Kiswahili kutushinda sisi, tunanunua halwa yake ya kwenye mabakuli ya plastiki. Tukifika nyumbani Zuwena anabandua karatasi yenye jina la duka, anaihamishia halwa kwenye kopo, anaipigapiga juu kwa kijiko ikae sawa. Kisha wanaitwa wanawake wenzetu.

"Baba Salha kaleta," anasema.

"Lo! Halwa ya Muskati haina mfano," wanasema wao, wanalamba vidole. "Tusalimie sana Baba Salha."

"Zimefika. Kopo langu lakini nirudishieni."

Miaka minne, kopo lile lile, na kifuniko chake kilichobonyea! Mie nashika kikombe changu cha kahawa, natazama zulia. Siri ile tuliijua mimi na binti yake Salha tu, na wallahi sikumwambia mtu. Hayes ni mbali, nani katika sisi ana shughuli Hayes?

Mwaka wa themanini na sita Bi Moza wa Stratford, naye mlaji wa halwa ile, akaleta posa. Anamtaka Salha kwa mwanawe, na Salha mwenyewe alikuwa anamtaka kijana tangu kitambo. Bi Moza ni mwanamke mzito, maneno yake machache, akikutazama unajikagua kama umefunga vifungo vyote. Akasema, "Baba Salha akija likizo tutakaa tupange. Ndoa bila walii, bila baba wa kumwozesha, haifungwi."

Zuwena akaanza kukonda. Nguo za wateja zikawa zinatoka mkono mmoja mrefu, mmoja mfupi.

"Mwambie," nikamwambia mie.

"Nimwambie nini, Thuwaiba? Kwamba miaka yote hii namlisha uongo kwa kijiko? Atamchukua tena mwanangu? Na kaka zangu wapate la kuchekea? Ng'o!"

Sasa Salha alikuwa anasoma koleji, na mwalimu wao Ann aliwachezesha mchezo wa kuigiza wa Kimarekani, wa zamani. Salha akapewa nafasi ya mama. Akatualika sisi, na kwa ujinga wake wa kitoto akamwalika na Bi Moza. Jumapili mchana tukajipanga safu nzima, wanawake saba na mitandio yetu, Zuwena katikati yangu na Bi Moza.

Kiingereza changu ni cha dukani, lakini niliufuata mchezo. Kuna mama, katika kimji kidogo huko Marekani. Mumewe kamkimbia. Yeye, kwa kuogopa midomo ya majirani na watu wa kanisani, anasema mume yuko safarini kikazi. Kila wiki anajinunulia maua, anaandika kadi kwa mkono wa kushoto, anajipelekea mwenyewe. Majirani wanakuja, wanayanusa, wanamwambia ana bahati.

Jasho lilinitoka mpaka kwenye nyayo.

Na sisi watu wa pwani tumekulia kwenye taarabu. Wimbo ukiimbwa, swali la kwanza ni kaimbiwa nani. Jukwaani hapasemwi kitu bure. Zuwena akanifinya paja, bado alama ninayo.

"Mwanangu kanipiga kijembe," akanong'ona. "Mbele ya Bi Moza!"

"Kijembe gani? Kitabu chenyewe nimekiona, karatasi zimegeuka manjano. Kimeandikwa mie na wewe hatujazaliwa."

"Basi Wamarekani wamejuaje?"



Pale jukwaani jirani akabisha hodi, akauliza habari za mume. Salha kasimama na maua mkononi. Akajifuta kiganja kwenye gauni, mara mbili, vile vile anavyofanya mama yake kila akiulizwa habari za Himid. Akasema, "Anakuja Ijumaa." Machozi yakanitoka. Yule mtoto alikuwa amemtazama mama yake miaka yote, na kumbe akimwonea huruma.

Zuwena akasimama. Nikajua anaondoka, nikamkamata gauni. Akanipiga kofi la mkono. Akafungua pochi, akatoa noti ya pauni tano, akaiinua juu ya kichwa, akaenda mbele kwa mwendo ule wa taarabu, taratibu, mabega yanacheza. Akapanda jukwaani akamtunza mwanawe, noti kamshikisha mkononi pamoja na maua. Kwetu anayekwenda kutunza anatangaza kwamba wimbo ni wake, yeye ndiye kaimbiwa.

Mwalimu Ann kasimama nusu, hajui aite nani. Salha, ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, akasema, "Mama, nisamehe."

"Huna kosa." Zuwena akaigeukia safu yetu. "Wangu huu! Himid yuko Hayes. Kaniacha mwaka wa nne sasa. Na halwa ni ya Alnashir!"

Nikafumba macho. Nikasema, posa imekwenda.

Kilichonifumbua ni kigelegele. Bi Moza! Bi Moza yule yule mzito, kasimama na noti yake, anakwenda mbele. Akaichomeka kwenye mtandio wa Zuwena, akamshika mkono. "Njoo tukae, shoga. Mtoto amalize mchezo wake. Sisi tunajua."

Walimaliza mchezo, sikuona kitu. Tulipotoka kwenye ukumbi, chai mkononi, ndipo Bi Moza alipoeleza. Himid aliacha ghala mwaka ule ule wa kwanza, akaingia kazi ya mizigo uwanja wa ndege. "Nani katika sisi hajakwenda kupokea mgeni? Mie mwenyewe kanibebea sanduku. Na halwa ya Alnashir naila miaka kumi, nisiijue?"

"Mbona hamkusema?" akauliza Zuwena.

"Umeshajisitiri, sisi tukuvue?"

"Na zile salamu zote za Muskati?"

"Zilikuwa zako," akasema Bi Moza. "Tungekusalimia vipi, na wewe hutaki kuonewa huruma?"

Zuwena akacheka mpaka akakaa chini kwenye sakafu ya koleji na gauni lake la hariri. Mie nilikasirika. Miaka minne nabana siri, kumbe najibana peke yangu! Lakini nilipomwona anacheka vile, na mimi nikakaa.

Ndoa ilifungwa mwezi wa nne. Himid alikuja kutoka Hayes kwa basi, kanzu imekunjamana, akamwozesha mwanawe vizuri. Baadaye akachungulia upande wa wanawake kusalimia, kichwa chini, anangoja matusi. Zuwena akamwendea na kopo lake la maua.

"Karibu, Baba Salha. Habari za Muskati?"

"Muskati?" akasema yule maskini. "Muskati gani?"

Bi Moza ilibidi ashikwe asianguke kitini. Zuwena akafungua kile kifuniko kilichobonyea, akampa kijiko.

"Kula, baba. Umeileta mwenyewe."