Wifi Ana Hema Sana

Wifi yangu hakumruhusu mtu kusimika hema kabla hajalala chini. Nasema kulala hasa, mgongo ardhini, macho juu, mikono kando. Uwe umekuja na gari la kifahari au kwa miguu, uwe bwana harusi au mwalimu mwenye wanafunzi arobaini, ukifika kambini kwetu kando ya mto alikupeleka kwenye nafasi yako, akasukuma majani kwa mguu, akakuambia, "Lala kwanza." Ukimaliza kushangaa, unalala. Alikuuliza kiuno kinasemaje, kama kuna mzizi unaokuchoma, kama damu inakimbilia kichwani. Ukisema pazuri, unapewa vigingi na nyundo. Ukisema kuna kitu, mnasogea hatua tatu na kulala upya. Nimewaona mabwana wenye tai wamepangwa kwenye majani makavu kama samaki sokoni, wake zao wakicheka hadi machozi. Lakini asubuhi hakuna mgeni wa kambi yetu aliyeamka ameshika mgongo.

Kwa sababu hiyo wageni walimwita Lala Kwanza, na wengi hawakulijua jina lake jingine. Mimi, mfuaji wa kambi, nilimwita wifi, kwa kuwa mume wangu, fundi seremala wa mjini kule chini ya mlima, ni mdogo wake. Mawifi tuna haki ya kutaniana, na haki hiyo hatukuiacha ikae bure. Aliniambia mablanketi ninayofua yananukia kuliko mfuaji. Nilimwambia mdogo wake alinioa ili apatikane mtu wa kumjibu dada yake, maana ukoo mzima ulikuwa umeshindwa.

Alikuja pale akiwa mke wa mlinzi wa msitu. Mumewe alipofariki, mwenye kambi alimwambia akae hadi atakapopata pa kwenda. Wifi hakutafuta pa kwenda. Alichukua ufagio, na mwaka uliofuata ndiye aliyekuwa akiwapokea wageni, akigawa mahema, akipima kuni na kuwakemea wanaoosha sufuria mtoni. Hiyo ni miaka ishirini na mitatu. Watoto hakujaliwa. Alikuwa na msitu, mto, mahema kumi na mawili ya kambi, na mimi.

Kambi ina viwanja viwili. Cha chini kiko mtoni kabisa, chini ya miti mikubwa, na pale maji yanapiga kelele kiasi kwamba hata kusengenyana inabidi mpaze sauti. Cha juu kiko mlimani, kwenye uwazi, na njia yake ni ngazi za mawe mia moja na arobaini. Wifi alizipanda mara tatu kwa siku. Mchana, ukiwa naye nje, mto ulimficha. Lakini vyumba vyetu viligawanywa na ukuta wa mbao, na mwaka ule nilianza kusikia kifua chake. Kilikuwa kinapiga filimbi. Akitoka kiwanja cha juu alishika nguzo ya mlango wake, akahema kama mtu aliyekimbizwa, kisha akaingia ndani na kujifanya anaimba.

Nilimwambia aende hospitali. Akasema ni moshi wa kuni. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema kifo chenyewe kikija atakiambia kilale kwanza.

Utani ulikuwa wa mdomoni tu, na sababu niliijua. Mwenye kambi wa zamani alikuwa amefariki, na mwanawe ndiye aliyekuwa meneja sasa, kijana mwenye karatasi nyingi na mwendo wa haraka. Jambo lake la kwanza lilikuwa kumstaafisha mlinzi wa getini kwa ajili ya mguu mbovu. Wifi aliona, akaelewa. Siku moja, tukiwa tunakunja mashuka, aliniambia bila mzaha wowote, "Wifi, nikishushwa hapa sitapanda tena. Utanizika huko chini."

Nilinyamaza wiki mbili. Kisha asubuhi moja nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya sitini, midomo imepauka, hawezi hata kunitukana. Hapo nikapima mwenyewe, kazi yake au yeye. Nikamchagua yeye. Kiherehere changu ndicho kilichofuata.

Mtandao pale kambini unapatikana sehemu moja tu, juu ya mfuniko wa tangi la maji, ukiwa umeelekea vyooni. Nilipanda pale na simu yangu ya vitufe, nikamwandikia meneja. Nilitaka amtafutie wifi mtu wa kiwanja cha juu, kwa kisingizio chochote, bila kumwambia chanzo. Mimi shule nimesoma, lakini maneno huwa nayakata kama kitambaa, pale mkasi unapoangukia. Niliandika hivi: "Habari meneja. Wifi ana hema sana siku hizi na anaficha. Usimwambie ni mimi nimesema."

Jibu lilikuja kesho yake. "Nashukuru kwa uaminifu wako. Alhamisi nakuja mwenyewe."

Uaminifu? Mimi nilikuwa nategemea pole. Hata hivyo nilijiambia wasomi wana namna yao ya kuongea, nikarudi kwenye mablanketi yangu nikiwa na moyo mweupe kabisa.

Alhamisi alifika mapema, bila salamu ndefu. Alimkuta wifi ameilaza familia ya watu watano kwenye kiwanja cha chini, bibi yao akiwa wa mwisho upande wa kulia, akasubiri hadi bibi aliposema pazuri. Kisha akaomba funguo za stoo. Akayahesabu mahema: kumi na mawili. Akayahesabu tena, akapapasa nyuma ya magodoro, akainua turubai, akachungulia hata kwenye pipa la mkaa. Wifi alimfuata na funguo mkononi akimweleza kwamba zipu ya hema la saba inahitaji fundi. Meneja hakuwa anasikiliza zipu. Alisema anataka kuona chumba chake.

Chumba cha wifi kina kitanda, meza, kabati lisilofungika na dirisha linaloangalia mto. Kwenye kichwa cha kitanda palikuwa na mzigo mkubwa, umefungwa kwa kitambaa cha kijani cha hema kuukuu, mrefu kama gunia lililosimamishwa. Sikuwahi kuuona. Wifi alikuwa haniruhusu tena kumtandikia, nami nilidhani ni maringo. Meneja aliuona akapumua kwa nguvu, kama mtu aliyepata alichokifuata. Akavuta kamba. Yakaanguka mablanketi yaliyokunjwa, mawili kati yake nilikuwa nimeapa kwamba yalisombwa na mto, na godoro la sponji lililopindwa mara tatu.

"Hili la nini?" akauliza.

"Naegemea," wifi akasema.

"Unaegemea ukifanya nini?"

"Nikilala."

Meneja hakuelewa. Mimi nilielewa. Mtu aliyewalaza chali watu wa kila namna, yeye mwenyewe hawezi. Akilala chali anakosa pumzi. Sijui ni kwa miezi mingapi alikuwa analala amekaa, mgongo kwenye ule mzigo, nami upande wa pili wa mbao nikikoroma. Nilimpenda wifi yangu siku zote, lakini pale nilimpenda hadi ikaniuma.

Meneja aliendelea na yake. Alisema asizungushwe, ameambiwa na mtu wa kuaminika kwamba wifi ana mahema yake mwenyewe, ameyaficha, na bila shaka anayakodisha kiwanja cha juu siku ambazo yeye hayupo. Aliuliza yako wapi.

Wifi alimtazama kama mtu anayeongeleshwa lugha ya kigeni. Mwanamke huyu aliwahi kushuka mlima mzima kumkimbilia mgeni aliyesahau kijiko. Alifungua mdomo, haikutoka sauti, bali ile filimbi ya kifua. Nami nikakumbuka neno lile, na mkasi wangu, na mahali ulipoangukia. Nikinyamaza, wifi ni mwizi. Nikisema, wifi ni mgonjwa, na wagonjwa pale tulishaona wanapoelekea. Vyovyote vile angeondoka, na vyovyote vile ni mimi. Lakini nilijua kuondoka bila jina jema kungemmaliza kabla ya kifua.

"Meneja, sikusema ana mahema," nikasema. "Nilisema anahema. Anatweta. Akipanda zile ngazi anakosa pumzi."

Alitoa simu yake akausoma ujumbe, midomo ikicheza. Akausoma tena. Akaniletea kioo cha simu usoni, kidole chake kikiwa kati ya maneno mawili.

"Hapa umeacha nafasi," akasema.

Wifi hakuitazama simu. Alinitazama mimi.

Meneja alimuuliza kama ni kweli. Angeweza kukataa, na mimi ningeonekana mwongo, na labda ningestahili. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akasema ni kweli. Basi yule kijana akaona aibu. Nilimwona akiinama kuyakunja yale mablanketi, akiyakunja vibaya kama wanaume wote, akiyarudisha mahali pake. Alimwomba radhi. Kisha akasema yale aliyotakiwa kusema: kazi ni ya wifi na kiwanja cha chini ni chake, cha juu nitakishika mimi, lakini ifikapo Jumatatu jioni anataka cheti cha daktari. Asipokiona atalazimika kumwondoa, kwa sababu mtu akianguka kwenye zile ngazi ni yeye meneja atakayejibu. Akaondoka bila hata kunywa chai.

Kununa kwa wifi ni kazi ya ufundi. Hakunigombeza. Alinitumia wageni. "Mwambieni yule mwandishi maji yamechemka." "Mwambieni mwandishi shuka la hema la tano lina doa." Hospitali alisema haendi. Alimweleza muuza kuni, kwa sauti ya kushinda mto ili nisikie, kwamba ni heri afukuzwe kwa miguu yake kuliko kupelekwa mjini kama kifurushi. Mume wangu alipiga simu, akakatiwa. Ijumaa ikapita, Jumamosi ikapita. Mimi nilipanda zile ngazi mara tatu kwa siku, na kila nilipofika juu nikiwa nimetoa ulimi nilimwaza yeye, na kile kifua chake, na miaka ishirini na mitatu.

Jumapili mchana nilikuwa nafua. Blanketi la kambi likishalowa halikamuliwi na mtu mmoja. Linataka wawili, kila mmoja ashike upande wake, huyu akizungusha kulia na yule kushoto. Nilikuwa nahangaika nalo peke yangu wakati upande wa pili uliponyanyuka. Wifi alikuwa ameushika. Tukakamua.

"Ungeniambia mimi kwanza," akasema.

"Nimekuambia mara ngapi? Ulikataa."

"Nilikataa. Lakini hukuniambia kwamba unaandika."

Maji yalitiririka kati yetu.

"Niliogopa," nikasema. "Niliogopa utakufa upande wa pili wa mbao, na mimi nakusikiliza tu."

Alizungusha blanketi hadi likakauka kuliko lilivyohitaji. Akanikabidhi upande wake, akajifuta mikono kwenye kanga, akasema, "Kesho mapema basi," akaenda zake kuwalaza wageni.

Kutoka kambini hadi barabarani ni mwendo mfupi kwa mtu mzima wa afya, lakini njia inapanda, inakata kona msituni, na asubuhi ile ilikuwa na matope. Nilitaka kumshika mkono, akanitupia jicho moja tu nikaurudisha. Alitangulia mbele, mkoba kwapani, shingo imenyooka kama anayekwenda kupokea zawadi. Mto ulibaki nyuma yetu. Kadiri ulivyofifia, ndivyo nilivyosikia kile kifua vizuri zaidi.

Kwenye kona ya kwanza nilimwambia anisubiri, nafunga kamba za viatu. Niliinama, nikachukua muda wangu. Aliegemea mti hadi filimbi ikatulia, kisha akaendelea. Kwenye kona ya pili kamba zikafunguka tena, nikainama tena. Nilipoinama mara ya tatu hakuegemea mti. Alirudi hatua mbili akasimama mbele yangu.

"Wifi," akasema, "hayo ni mabuti ya mpira. Hayana kamba."

Nilibaki pale chini, vidole kwenye matope. Nikamsikia anacheka, kicheko kikakatwa na kikohozi, kikohozi kikarudi kuwa kicheko. Alikaa kwenye gogo kando ya njia, akapiga-piga nafasi iliyobaki pembeni yake. Nikaenda kukaa. Gari la kwanza la kwenda mjini likapita kule juu, tukaliacha liende.