Mkaa wa Manyamanyama

Nikisikia harufu ya gunia la katani linaloungua, hata kama ni kipande tu mtu anawashia jiko, mikono yangu huanza kutafuta udongo. Siku ile tulikuwa wanne: mimi, mdogo wangu Magesa, Mzee Masatu, mwenye mkokoteni na ng'ombe, na Mama Bhoke, mchoma mkaa wa Manyamanyama, aliyepanda juu ya magunia ya mkaa ili afike mwenyewe kwetu Butiama kuchukua majembe tuliyomwahidi kama malipo. Miaka ile watu hawakuaminiana kwa maneno matupu.

Wazazi wetu walikuwa wameshafariki. Mimi niliacha shule darasa la sita, nikawa mvuta mivukuto ya kupulizia moto katika kibanda cha uhunzi alichoacha baba, na baba mdogo akashika nyundo. Maduka yalikuwa matupu, jembe la dukani lilikuwa habari ya kusimuliwa tu. Watu walituletea springi za magari mabovu tuwafulie majembe. Kazi ilikuwepo, mkaa haukuwepo. Ukoo ulikaa ukasema: mvua zikianza kibanda kikiwa kimya, watoto wagawanywe. Magesa aende Musoma kwa shangazi, wadogo wawili wapelekwe Nyegina, mimi niolewe. Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Mzee Masatu huyohuyo, mmoja wa wazee wa ukoo.

Basi mkaa ule tuliununua kwa wingi, wa kutosha msimu mzima, wa miti migumu, ule ambao ukigonganisha vipande viwili vinalia kama vigae. Mkaa laini unarusha cheche na kuisha kabla chuma hakijaiva. Malori hayakuwa na mafuta, kwa hiyo hatukuwa na mwingine wa kumwendea ila Masatu na ng'ombe wake.

Tulikuwa tumeshaiacha Bunda nyuma, upepo wa ziwani ukitusukuma mgongoni, Mama Bhoke alipoanza kujisogeza juu ya magunia.

"Masatu, simamisha. Nimekalia joto."

"Ni jua hilo, mama."

"Jua linatokeaga chini siku hizi?"

Hapo ndipo nilipouona moshi, mwembamba kama uzi, ukitoka katikati ya mzigo. Mkaa mpya unaweza kuficha moto tumboni ukadhani umepoa kabisa.

Masatu alitaka tumwage mzigo wote. "Mkokoteni wangu ukiungua, nani atanipa mwingine?" Magesa alishika panga apasue gunia, Mama Bhoke akampiga kofi mkononi. "Ukilipasua unaliingizia upepo. Magunia yote yataungua." Palikuwa na dimbwi la kunyweshea ng'ombe, lakini nililikataa. Mkaa uliolowa, ukiwekwa kwenye moto wa uhunzi, hupasuka na kumrukia mhunzi usoni. Kilichobaki kilikuwa kuuzima moto kwa udongo.

"Haya, toeni jembe tuchimbe," akasema Masatu.

Magesa akamwonyesha panga lake.

"Watu wa majembe," akasema polepole, "mnasafirigaje bila jembe?"

Leo nacheka. Siku ile hakuna aliyecheka.

Nilipitisha viganja juu ya magunia, moja baada ya jingine, hadi nikayapata yaliyokuwa na moto. Yalikuwa mawili. Tukayaviringisha hadi chini, pembeni ya njia. Ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu. Tulichimba kwa panga, kwa sufuria ya uji na kwa kucha, na kilichopatikana hakikutosha hata kufunika tundu moja la gunia. Gunia la kwanza lilifunguka lenyewe. Cheche zikaanza kupanda na upepo kuelekea mkokoteni, nami akilini niliwaona wadogo zangu, kila mmoja na kifurushi chake, kila mmoja na njia yake.

Masatu alikuwa ameshika kamba za ng'ombe waliokuwa wakihangaika kwa hofu. Alinitazama. Akamkabidhi Mama Bhoke zile kamba, akavua koti lake jeusi, lile la kanisani na la vikaoni, ambalo hakuwa na jingine, akalitandaza chini. Akabomoa kichuguu kwa teke, akajaza udongo wake ndani ya koti, yeye na Magesa wakalibeba na kumwaga, wakarudi, wakamwaga tena. Mwishowe koti lenyewe akalitupa juu ya gunia na kulikanyagia udongo.

"Sasa tulieni," akasema.

Tulikaa hapo mpaka moshi ulipokoma. Magunia mawili yalipotea, mengine yote yakafika Butiama. Mvua zilipoanza, mivukuto ilikuwa inalia.

Kikao kiliitwa tena. Masatu alikuja na shati tu, akakaa nyuma, na suala letu lilipotajwa hakufungua mdomo. Kwa kuwa yeye hakulisukuma, wengine nao waliliacha. Mimi nilidhani anaona aibu kukaa mbele za watu bila koti. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa anatuacha tubaki pamoja.

Mitumba ilipoingia, makoti yalining'inia kwenye kamba soko zima la Musoma. Nilimchagulia jeusi, zito. Alilijaribu, akapapasa kitambaa, kisha akanirudishia begani.

"Haya yamejaa sokoni, mwanangu. Lile lilikuwa peke yake."

Ameshatangulia sasa. Wanawe wakileta majembe yaliyopinda, tunawanyooshea bure, nao hunishukuru sana. Bado sijawalipa kitu.