Mbuzi wa jirani na bibi arusi wangu

Leo mbuzi amenichukulia muteja. Na hata si mbuzi wangu!

Munakumbuka ile video, wakati intaneti ilikuwa bado mpya hapa Kamembe? Mbuzi wangu anatafuna robe, ile gauni ya bibi arusi niliyoshona, mimi namukimbiza na mukasi mukononi. Muliituma kila mahali. Nikasema sasa bateja batakuja.

Balikuja kweli. Kuuliza mbuzi.

Niambieni nyinyi muliocheka: nani alinishonesha hata sketi moja?

Sasa leo, maman mumoja amevuka mupaka kutoka Bukavu na binti yake anayeolewa.

"Ni hapa kwa mbuzi?"

"Ni hapa, Maman. Karibu, nimupime binti."

"Mbuzi iko wapi?"

Tulishamuchinja siku ya Idi, miaka mingi imepita. Kabla nijibu, tukasikia "meee" mulango wa pili. Fundi jirani yangu amefunga mbuzi mulangoni pake! Bakaenda. Binti akapimwa huko.

Mbuzi wangu alikuwa mweusi. Huyu ni mweupe. Hakuna muntu aliuliza.

Halafu bakaniita: "Maman, utupige picha na mbuzi."

Nikabapiga.

Kichwa ya mbuzi nikaiacha inje ya picha.