Bakuli la Jirani na Kashata za Ufuta

Bakuli la stenlesi la jirani yangu lilikaa jikoni kwangu miezi minane, na kila nikifungua kabati naliona. Kwetu Unguja chombo cha mtu hakirudi kitupu. Sasa utakijaza nini, na hamsemeshani?

Jirani huyo ni Mhindi, mzaliwa wa Unguja kama mimi. Tulikutana huku ugenini kwa Waingereza, mtaa wa Thornton Heath, ukuta kwa ukuta, na kwa miaka kumi na miwili tulikuwa mashoga wa kupelekeana vyakula. Kosa lake lilikuwa moja. Siku nilipokuwa na wageni, wakwe wa binti yangu, alileta bajia kwenye bakuli hilo, nami nikamkaribisha mbaazi za nazi. Akaonja, akasema mbele ya wote, "Shoga, hii nazi ya kopo."

Ilikuwa ya kopo kweli. Ndiyo maana nilinuna vile.

Nilikuwa naisubiri Januari, ingawa nisingemwambia mtu. Katikati ya mwezi huo wao wana sikukuu ya mavuno. Alinieleza zamani, huku namcheka: siku hiyo jua linageuza safari na kuanza kurudi kaskazini, na katika nchi ya babu zake ufuta na miwa vimeshavunwa, watu wanapanda juu ya mapaa kurusha tiara za karatasi. Nikamuuliza jua lipi, maana nje ilikuwa siku ya nne ya manyunyu. Akasema jua likiwa safarini si lazima tulione sisi. Siku hiyo hupeana ufuta uliopikwa kwa sukari guru, vitu vya kutia mwili joto wakati wa baridi, na anayekupa hukwambia ule, kisha useme maneno matamu. Ukishakula, neno chungu huna ruhusa nalo. Mimi naziita kashata tu, na kila mwaka za kwanza zilifika kwangu kabla sijamaliza chai ya asubuhi.

Mwaka huu chai iliisha. Saa nne, saa tano, kimya. Niliwaona wajukuu zake wakitoka na tiara, wamevaa makoti ya mvua, kisha wakarudi wamelowa. Nikaona basi, nimempoteza shoga yangu, tena kwa ajili ya kopo. Nililia kidogo, sitaficha. Nikampigia simu binti yangu, naye kwa Kiingereza chake akanijibu nimrudishie mwenyewe bakuli lake, mtu mzima mimi.

Nikaenda dukani, nikanunua nazi mbili. Mbuzi ya kukunia ilikuwa chini ya ngazi, sijaikalia tangu mgongo uanze kuniuma. Nikakuna, nikakamua tui zito na jepesi, nikapika mbaazi na kulijaza bakuli mpaka juu.

Nilibisha mara moja tu, akafungua. Mezani nyuma yake kashata zilikuwa zimeshapangwa. Nikamuuliza mbona hakuniletea. Akasema angeletaje, na chombo chake cha kwanza bado kiko kwangu? Kuleta cha pili ni kama kukidai kile, na yeye kalelewa Unguja, adabu anayo. Miezi yote minane alikuwa akinisubiri mimi.

Nilimpenda sana pale mlangoni. Nikampa bakuli lake, nikaingia hadi mezani na kuchukua kashata moja nimlishe, yaishe. Akanishika mkono.

"Ngoja nionje mbaazi kwanza," akasema. "Nikishakula ufuta sitaweza kukwambia kweli."

Akachota kijiko, akafumba macho. Nilisimama na koti langu la mvua kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Nazi ya kukuna," akasema. "Chumvi imezidi."

Nikafungua mdomo nimjibu, na jibu nilikuwa nalo tayari, kali. Akanitia kashata mdomoni.