Vidonge vya Mama Asiyenizaa

Saa nne na robo asubuhi daktari aliniuliza kama mama yangu yu hai. Nikamjibu kwamba alikufa kwa saratani ya titi. Akauliza kama kuna ndugu mwingine aliyeugua hivyo. Nikasema ndiyo, dada yangu, na hakufikisha miaka arobaini. Akaacha kuandika, akanitazama.

Ilikuwa hospitali ya binafsi Mwanza, miaka ile hospitali za binafsi zilipoanza kuongezeka kama wanunuzi wa pamba baada ya soko kuachiwa huru. Nilikwenda kwa sababu titi la kushoto lilikuwa likiniuma. Daktari alinipima, hakuona uvimbe. Lakini alisema mwanamke aliyefiwa na mama na dada kwa saratani hiyo yumo hatarini kuliko wengine. Kuna kidonge cha wagonjwa ambacho sasa kimeanza kutolewa hata kwa wazima, ili kuzuia. Kimoja kila siku, miaka mitano.

"Na katika miaka hiyo usibebe mimba," alisema. "Kinaweza kumdhuru mtoto."

Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, na mtoto mmoja.

Nyumbani Bariadi mume wangu alikigeuzageuza kile kiboksi cha vidonge.

"Huumwi, unameza dawa?"

"Pamba si tunaipiga dawa kabla funza hajaingia kwenye kitumba?"

"Dawa zenyewe za siku hizi! Wachuuzi wanatuuzia maji yenye harufu." Akacheka, kisha akakiweka kiboksi mezani. "Miaka mitano. Nitamwambia nini mama yangu?"

"Mwambie mimi ndiye niliyekataa."

Nikameza. Nilikuwa karani wa mizani kwa mnunuzi wa pamba, na mara nyingine joto la vile vidonge lilinipanda usoni katikati ya kupima, jasho likadondokea kwenye stakabadhi. Wakulima wanawake walinong'ona kwamba nina mimba. Mama mkwe alisikia, akaja na kuku.

Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejisomea. Msimu ule nilinunua mnadani kitabu chakavu cha biolojia cha sekondari, nikakisoma na kamusi pembeni. Katika sura ya urithi palikuwa na mchoro: baba, mama, na mistari inayoshuka kwa watoto. Nikajaribu kuchora wa kwetu. Mstari wa kutoka kwa mama kuja kwangu haukuwapo.

Mama niliyemtaja kwa daktari alikuwa mke mkubwa wa baba. Aliyenizaa alirudi kwao Lingeka mimi nikiwa ndiyo kwanza naanza kutembea. Ng'ombe wa mahari wakarudishwa, wakabakizwa wa kwangu, ili mimi nibaki mtoto wa baba. Hayo niliyajua siku zote. Lakini kwetu neno "mama wa kambo" halikutamkwa. Kaka yangu alilitamka mara moja, akachapwa na baba mbele ya wageni. Mke mkubwa ndiye aliyenibeba mgongoni, na miezi yake ya mwisho mimi ndiye niliyemsafisha kidonda cha titi. Daktari aliponiuliza sikumdanganya. Nilijibu kama tunavyojibu.

Sasa ilinibidi nijue. Huenda nilikuwa nalinyima tumbo langu mtoto bila sababu. Huenda pia upande wa Lingeka ugonjwa ulikuwapo nami sijui. Nikaenda.

Aliyenizaa nilikuwa nimemwona mara mbili tu tangu aondoke. Nilimkuta uani akipepeta mtama.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Umefuata nini? Ng'ombe walishaisha."

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka ungo chini.

"Matiti? Umetumwa kukagua maziwa? Mimi ni ng'ombe wa mnada?" Akafungua khanga. "Haya, kamua!"

Yalikuwa mazima yote mawili. Mama yake, alisema, alikufa kwa uzee. Dada zake wanne wapo, wanagombana kila msimu juu ya mipaka ya mashamba. Tukacheka. Kisha akajifunga khanga vizuri.

"Aliyeumwa ni yule aliyekulea?"

"Ndiye."

"Na umekuja ili ukaseme si mama yako."

"Nimekuja kuuliza kama wewe ni mzima."

"Ni kitu kilekile," alisema, akachukua ungo wake.

Mwanza nilikaa tena mbele ya daktari, na sentensi niliyokuwa nimeitayarisha ikachelewa kutoka.

"Yule mama hakunizaa. Na dada, tumechangia baba tu."

Alishangaa, lakini hakunigombeza. Aliuliza habari za shangazi zangu. Wote walikuwa wazee wazima. Akasema ugonjwa ule unaelekea ulipita upande wa yule mama, na kwamba hatari yangu haipishani sana na ya wanawake wengine. Kidonge nacho kina madhara yake, kinaweza kugandisha damu, kinaweza kuharibu kizazi, na mtu wa hatari ndogo hana sababu ya kuyabeba. Niache. Nijipime mwenyewe, na kila mwaka nifike anitazame. Hakuniahidi kwamba sitaugua.

Nilipaswa kufurahi. Kwenye basi la kurudi neno lile, hakunizaa, lilikuwa bado mdomoni, nikajishughulisha na hesabu ili nisilisikie. Vidonge vya mwezi mmoja vilikuwa shilingi elfu kumi na mbili, na miezi iliyobaki ilikuwa hamsini. Kwa kumkana mama tuliokoa shilingi laki sita.