Nilimchorea baba mkwe mji wake kwa rangi ya mafuta, mchoro ukafika Nosy Be bado mbichi

Wakuu, salaam kwenu.

Haya yamenipata mwenyewe, na mke wangu amekaa hapa pembeni anasoma kila mstari. Hata nikitaka kutia chumvi, sina nafasi.

Mimi ni mtu wa Tanga, fundi wa injini za boti, naishi Mahajanga, Madagascar. Nimeoa Mkomoro wa huku, Zainaba.

Baba yake, Mzee Abdou, alizaliwa hapa Mahajanga, mtaa wa Mangarivotra. Mwishoni mwa miaka ya sabini, Wakomoro walipofanyiwa vurugu, aliondoka na nguo alizovaa. Baadaye akatulia Marodoka, kisiwani Nosy Be.

Hajarudi tena. Ukimtajia Mahajanga, anahamia bei ya mchele. Tulipopata mtoto tukamwalika, akasema mgongo unamsumbua. Zainaba alilia kimyakimya.

Basi mimi nikajifanya daktari wa mioyo.

Mpangaji mwenzetu mmoja, Mfaransa, alikuwa amehama akaacha boksi la rangi za mafuta. Nikasema nitamchorea mzee mji wake ulivyo kando ya bahari, labda atalainika.

Nikatazama video mbili tatu, nikachagua mtindo wa impressionist. Kule huchori kila dirisha. Unapiga madoa ya rangi, mtu akisimama mbali jicho linaunganisha. Nikaona huu ndio wangu, maana mstari ulionyooka haujawahi kunitii.

Nikawa nashinda kwenye ukuta wa bahari na kofia ya ukindu, najiona bingwa. Mama mmoja muuza mishikaki aliniuliza kama napaka rangi mlango.

Kitu ambacho sikujua, wakuu: rangi ya mafuta ikipakwa nene inakaa wiki na wiki haijakauka. Na mimi nilipaka kama siagi kwenye mkate wa mgeni.

Nikaufunga mchoro kwa nailoni, tukapanda gari la abiria mpaka Ankify, kisha boti mpaka Nosy Be.

Kufungua mbele ya mzee, nusu ya mbingu ikatoka na nailoni.

Mzee akatazama muda mrefu. Kikomoro chake na Kiswahili changu hukutana katikati, na hapo hatukuhitaji mkalimani.

"Hii nini?"

"Mahajanga, baba. Pale ufukweni."

"Ule mbuyu mkubwa wa ufukweni uko wapi?"

"Ulinishinda. Ulitoka kama kitunguu, nikaufuta."

Nikangoja aulizie bei ya mchele.

Badala yake akachomeka kidole kwenye bahari yangu, akavuta. "Ukuta haupiti hapa. Unapinda hivi." Akavuta tena. "Njia ya kwetu inapanda huku. Hapa mama alikuwa anauza mkate wa sinia."

Zainaba akakaa chini. "Bibi alikuwa anauza mikate?"

"Kila asubuhi. Mimi ndiye niliyebeba sinia."

Zainaba alikuwa hajawahi kusikia hata neno moja la hayo. Mzee akaendelea mpaka adhana ya alasiri, huku akiniharibia kazi yangu yote. Jina la jirani, kisima, mlango alioufunga akaondoka na ufunguo. Hapo kwenye mlango alizungusha kidole kama anafunga, na mimi nikatazama miguu yangu.

Baada ya Idi alikuja Mahajanga. Mgongo haukutajwa. Alisimama ufukweni amembeba mjukuu, akatazama huku na huku, akaniambia taratibu, "Mwanangu, mchoro wako haufanani kabisa."

Sasa uko ukutani kwake. Wageni wanasifia sana ile sehemu ya kidole.

Nilichojifunza: zawadi ikiwa na makosa, mwenye mji atapata pa kuanzia kukusahihisha. Ningekuwa bingwa, angesema ahsante tu na kuitundika.

Uwanja ni wenu, wakuu. Ila mwenye kujua dawa ya rangi ya mafuta kwenye kanzu nyeupe aanze yeye, maana mzee alijifutia kidole kwenye yake siku ile. Mafuta ya taa nimeshajaribu, doa limekuwa kubwa.