Sekunde Thelathini za Sabuni ya Bondwa

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kampuni ya matangazo, Mkurugenzi wa Ubunifu alinikabidhi saa ya kupimia mbio badala ya kalamu. Nilikuwa nimeshuka Dar es Salaam kutoka Mgeta, mtoto wa wakulima wa kabichi, mwenye stashahada ya masoko niliyoisomea jioni huku mchana nikibeba matenga sokoni. Hakuna mjomba aliyenishika mkono.

"Nisalimie," akasema.

"Shikamoo, mzee."

Akabonyeza saa. "Marahaba. Umekula sekunde mbili za mteja wangu. Kila moja ni bei ya ng'ombe."

Hivyo ndivyo tulivyofundishwa kutengeneza matangazo ya televisheni. Tangazo la kawaida lilikuwa sekunde thelathini. Tulichora kwanza kila picha itakayoonekana, mfululizo kama katuni, mteja airidhie kabla kamera haijawashwa. Kisha mnunuzi wa nafasi alikwenda kituoni kununua muda, na muda ghali kuliko wote ni mapumziko ya mechi kubwa. Nilianza na michoro, nikawa mnunuzi wa nafasi, nikamalizia Meneja wa Wateja, na katika umeneja wangu hakuna mteja aliyehama. Bosi wangu wa mwisho, Mkurugenzi wa Biashara, alikuwa na sheria moja: "Jina la bidhaa lisikike, lisiandikwe. Maandishi yanachafua picha." Niliishika kama amri ya kanisani.

Nikarudi nyumbani Morogoro, nikafungua ofisi yangu mwenyewe Kihonda. Jirani yangu alikuwa Mama Salome, mwenye kiwanda kidogo cha sabuni za mche zilizoitwa Bondwa, kama kilele chetu cha Uluguru. Sabuni za viwanda vikubwa zilikuwa zinaisukuma yake nje ya maduka. Kati ya mapipa yake mawili ya kuchemshia, moja lilikuwa limeshapoa. Alitaka tangazo la televisheni kwenye nusu fainali na fainali ya kombe la mpira.

"Bwana Mkude, nimeuza gari la kusambazia," aliniambia. "Hili likishindikana, wale kina mama kumi na wawili wa kiwandani nitawaaga mwenyewe, mmoja mmoja. Sema kweli, inafaa?"

"Inafaa. Mimi siyo mtu wa kubahatisha."

Siku ya nusu fainali nikavaa tai, nikaenda banda la mpira Mwembesongo nikasikie sifa zangu. Mechi ilipoanza, Shomari, mwenye banda, akazima sauti ya televisheni, akawasha redio na kuiunganisha na spika.

"Mbona unazima?" nikamuuliza.

"Mzee, huyu wa kwenye televisheni anaongea Kizungu. Wa redioni anatuchezea mpira."

Mapumziko yakafika. Tangazo langu likatokea: dada mrembo mtoni, povu jeupe, anageuka kwenye kamera na kulitamka jina la sabuni. Midomo ikacheza. Redioni, kwa sauti nzito, wakawa wanatangaza dawa ya mende.

Banda likaangua kicheko. "Oya, dada anafua mende!"

"Wametakata lakini! Sabuni gani hiyo?"

"Muulize huyo mzee wa tai."

"Bondwa!" nikasema. Spika ikanimeza.

Jioni ile nilizunguka mabanda mengine mjini, nikampigia binamu yangu Turiani. Kote ni redio. Miaka yote ile nilinunua sekunde nikiwa ofisini, sikuwahi kuketi kwenye benchi na wanaozitazama.

Asubuhi nikaenda kiwandani. Nilikuwa na maneno mazuri ya kujitetea, nikayaacha mlangoni. Mama Salome akanisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo sabuni yangu imetangazwa ikiwa bubu."

"Ndiyo, mama. Kosa ni langu."

Akawatazama kina mama waliokuwa wakikata miche. "Bubu huongea kwa mikono," akasema.

Nafasi ya fainali ilikuwa yetu bado. Kilichohitajika ni picha mpya, na zilibaki siku nne. Tulirekodi palepale kiwandani. Ni mikono tu, ya kina mama wale wale, ikipokezana mche uliojaa povu. Kila mkono ulifuta kidogo, mpaka wa mwisho ukalifunua jina lililogongwa kwenye sabuni, likajaza kioo chote. Hakukuwa na neno hata moja. Nasema bila haya, ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya.

Siku ya fainali Mama Salome alikuja nami Mwembesongo, kanga mabegani. Mapumziko, redio ikatangaza betri. Kwenye kioo mikono ikaanza kufuta. "Kuna nini humo?" mtu akauliza. "Tulia, kinatokea!" Jina lilipofunuka, banda zima likalisoma kwa sauti moja, likaifunika redio: "Bondwa!"

Shomari akageuka. "Inapatikana wapi hii?"

"Kihonda!" Mama Salome akajibu, amesimama juu ya benchi.

Baada ya wiki chache pipa la pili likawashwa.

Nimestaafu. Vijana wa fani hii huniuliza kama matangazo ya mechi kubwa yana thamani ya gharama yake, hasa sasa ambapo wengi wanatazama mpira kwenye simu. Nawaambia yanayo, ila kabla hujanunua hata sekunde moja, nenda ukakae na huyo mwenye simu, uone anavyoitazama.

Kati ya wale kina mama kumi na wawili, Mama Salome amewaaga wawili tu mpaka leo. Walistaafu kwa umri wao, kwa heshima, na pilau ya kuwaaga tulikula wote.